Theodora Pelkey na Faili Lililokataa Kufutwa

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, dada yetu mkubwa Theodora Pelkey alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Lowell, Massachusetts, mtoto wa kwanza wa mfumaji wa kiwandani, akasoma hapo hapo hadi sekondari, na mwaka 1960 akapata shahada ya hisabati.

Septemba mwaka huo aliajiriwa katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja cha Cambridge, ambako vijana walikuwa na lugha yao, kosa katika programu wakiliita mdudu, na mdudu aliyewashinda kumtoa wakimpandisha cheo na kumwita pambo, mashine ikigoma wakisema imenuna, naye akayakusanya maneno hayo katika faili ambalo kila mtu aliruhusiwa kuliongezea.

Tarehe 22 Agosti 1964 aliolewa na Anselm Kowalczyk, fundi wa piano, wakajaliwa Judith na Leo.

Jumatano tarehe 9 Juni 1971, wageni wa serikali wakiwa njiani, mkurugenzi mpya, Dakta Stroud, alimwambia mbele ya wenzake, "Theodora, futa faili hili la upuuzi, tutaonekana wahuni."

"Nitafuta, Dakta, ukinitajia neno moja humo ambalo wewe hulitumii."

"Sina muda huo, mashine yenyewe imenuna tangu asubuhi!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na kabla ya saa sita mchana dada yetu alikuwa amefukuzwa kazi na faili limefutwa, lakini wenzake walikuwa na nakala, na kufikia Ijumaa lilikuwa katika mashine za vyuo vitatu, likiwa na neno jipya, "kustraudi", yaani kufuta kitu ambacho kila mtu anacho. Wiki hii chuo kimetuandikia kikiomba turuke sehemu hii ya maisha yake, barua tumeipokea, na hatukuiruka.

Dada yetu hakuomba radhi hata siku moja, akafundisha hisabati sekondari huko Somerville hadi alipostaafu Juni 2000.

Oktoba 2008 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na daktari aliposema matibabu hayakuleta matokeo yaliyotarajiwa, alimjibu, "Sema yamenuna, mwanangu, mbona neno lipo." Alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 2009, akiwa na miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, na wale wenzake wa maabara, ambao leo wamejaza viti vitatu vya nyuma na bado wanacheka.

Pumzika, dada, amani iwe yako, nakala tunazo.