Peres Obuya na Lango la Mjengo

Bwana asifiwe. Mimi ni Everlyn, kifungua mimba, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu hapa Kangemi kabla hatujamsindikiza nyumbani Ugenya.

Mama Peres Obuya alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Ugenya, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obuya, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka wa 1980, akamaliza na alama nzuri kuliko kaka zake wote, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha hadi uzeeni.

Mwaka wa 1985 alikuja Nairobi, akafanya kazi za nyumbani mtaani Woodley, na huko ndiko alikokutana na baba yetu, Ochola, fundi wa mbao, wakafunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, wakahamia Kangemi, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Emmah. Kuanzia 1994 aliwapikia vibarua wa mjengo, wengi wao wageni mjini kama alivyokuwa yeye, akijua nani ana vidonda vya tumbo na asiwekewe pilipili, na nani ametoka Kitui juzi na bado hana pa kulala.

Aprili 2020, korona ilipoingia na Nairobi ikafungwa, kampuni iliyokuwa ikijenga ghorofa karibu na Waiyaki Way iliwafungia vibarua ndani ili kazi isisimame, wakalala wamebanana katika mabanda ya mabati, na Mama akaambiwa awe analeta chakula, anakiacha langoni, anaondoka. Siku moja alisikia watu wakikohoa bandani, akamuuliza Kitheka, fundi wa mawe kutoka Mwingi aliyekuja kuchukua sufuria, ni nani anayeumwa, naye akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ni wengi. Tumekatazwa kusema."

Mama alipotaka kuingia, mlinzi wa lango alimwonya kwamba akiingia hatatoka, naye akasema, "Basi fungua vizuri, nipite na jiko langu."

Jioni hiyo Baba alifika langoni akiwa na hasira, akamwita, "Mama Everlyn, umewachagua hao ukatuacha sisi?" Mama akamjibu akiwa upande wa pili wa ua wa mabati, "Baba Everlyn, wewe una wasichana wa kukupikia, hawa nani atawapa hata maji?" Baba aliondoka, na asubuhi akarudi na blanketi zetu zote, akazirusha juu ya ua moja baada ya nyingine.

Huko ndani Mama aliwahamishia wagonjwa ghorofa ya chini ambako madirisha hayakuwa yamewekwa vioo na hewa ilipita, akawapa uji, akawapigia simu maafisa wa afya bila kuchoka, na msimamizi alipomtishia kwamba hatapika tena katika mjengo wowote wa kampuni ile, alimwambia, "Sawa, lakini kwanza hawa wafike hospitali." Mzee Kaindi, mmoja wa wagonjwa hao, hakuwahi kufika, na kwa kuwa Mama hakujua Kikamba aliwaomba wenzake wamwimbie kwa lugha yake, wakamwimbia mpaka akakata roho. Siku mbili baadaye maafisa walifika, lango likafunguliwa, wagonjwa wakatibiwa, na wengine wote walipona wakarudi kwao.

Mama naye aliugua, akapona, lakini mapafu yake hayakurudi yalivyokuwa. Hata hivyo aliendelea kupika, akipumzika kila baada ya hatua chache, na akiulizwa kama anajutia alimkazia macho aliyeuliza mpaka mtu huyo akabadilisha mazungumzo. Juni 2024 hali ilizidi kuwa mbaya, na tarehe 2 Oktoba alituaga akiwa hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Kangemi na Kabiria ambao hawakuacha moto wetu uzimike, kanisa, na akina mama wenzake wanaopikia vibarua. Tunamshukuru Kitheka na wenzake waliosafiri kutoka Mwingi, Kitui na Busia, wakamwomba Baba ruhusa ya kubeba jeneza, naye Baba akawaambia, "Mbebeni, hata nyinyi ni wake."

Mama, umetufanya tutembee vichwa juu. Sasa pumua bila taabu, ulale salama.