Nguzo Kumi na Sita

Asubuhi ile kijiwe cha kahawa kilifurika mapema kuliko kawaida. Jana yake lori lilikuwa limeshusha nguzo tatu za mfano kando ya barabara: moja ya mti uliopakwa dawa, moja ya chuma, moja ya zege. Kufikia saa mbili hapakuwa na mtu ambaye hajazigonga, hajazipiga teke au hajazinusa. Ofisi ya mtaa ilisema wakazi wachague wenyewe, jibu lifike kabla ya saa sita: nguzo kumi na sita, taa juu, giza kwaheri. Karatasi ya jibu alipewa Sindano, fundi cherehani, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Aliishika kwa mikono miwili, maana alikuwa na lake la siri. Tangu jana alikuwa akiiona akilini nguzo ya kwanza imesimama mlangoni kwake, naye anashona jioni bila kukodoa macho. Hata mkewe hakumwambia.

— Andika chuma tumalize! alisema Cheche, mchomeleaji wa mageti, kabla hajakaa.

— Chuma kioze? Kokoto, fundi mwashi, akageuka na kikombe chake. Zege, bwana! Zege halishiki kutu, haliliwi na mchwa, na wezi hawalibebi.

— Zege likipasuka je? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Zege likishakauka utalikunja?

— Kwani nani anataka kukunja nguzo?

Benchi zima likacheka. Bi Birika, mwenye kahawa yake, akamwaga nusu ya kikombe kwa kicheko.

— Cheka tu, Cheche akapandisha sauti. Mimi chuma nakiwekea bawaba. Taa ikiungua, unailaza nguzo chini kama ngamia, unabadilisha, unaiinua. Huhitaji hata ngazi!

— Na ikijilaza yenyewe juu ya mtu?

— Ajali haina kinga.

— Basi zangu nazimwaga na viti chini, Kokoto akasimama kabisa. Kila nguzo na kiti chake cha zege. Nguzo kumi na sita, vijiwe kumi na sita!

Hapo Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafu, akakohoa. Alikuwa amenyamaza mno, na Gia Tano akinyamaza ujue anapanda mlima.

— Nyote mnafikiri kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, sawa? Basi chukueni hizo kumi na sita, muziunganishe moja juu ya moja. Mlingoti mmoja! Katikati ya mtaa! Taa moja kubwa kule juu, mtaa mzima mchana!

— Upepo je?

— Tunaufunga kamba.

— Upepo?

— Mlingoti, mpumbavu wewe!

— Mie mti, Bi Birika akasema huku akimimina. Mti hauna makelele kama nyie.

Sindano alicheka hadi machozi. Kalamu yake ilikwisha kuandika "chuma", ikakata, ikaandika "zege", ikakata. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtaa ulikuwa na jambo zuri la kugombania. Ilikuwa karibu saa tano.

Ndipo akaja yule dada muuza maandazi, aliyehamia mwezi uliopita nyumba ya mwisho, kule konani kwenye mtaro. Alikuja kununua kahawa ya mama yake, chupa mkononi. Akasikiliza kidogo.

— Shikamooni. Samahani, kaka zangu. Hiyo ya mwisho itasimama wapi?

— Ya mwisho ya chuma au ya zege? aliuliza Cheche.

— Yoyote. Ya kumi na sita.

Sindano akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma. Haikusema kitu.

— Si itategemea inaanzia wapi, alisema Kokoto polepole.

— Kwani inaanzia wapi?

— Geti la karakana yangu, Cheche akajibu.

— Aka! Nyumbani kwangu! Kokoto akadakia.

Sindano akaishusha karatasi.

— Mimi nilihesabu kutoka mlangoni kwangu, alisema. Nisameheni.

— Na kwetu inafika? dada akauliza. Mama alivunjika nyonga mtaroni jioni ileile tuliyohamia. Ndiyo maana naulizia.

Watu waliokuwa wameshajenga mlingoti hadi mawinguni walikuwa hawajapima hatua mia chache za mtaa wao. Bi Birika aliijaza ile chupa mpaka shingoni.

Sindano akainuka.

— Twendeni tukapime. Saa sita haijafika.

Wakaenda wote, wakibishana njia nzima ni hatua ya nani ndiyo hatua. Kule konani mtaro ulikuwa mpana kuliko walivyoukumbuka, na nyasi zimeufunika mdomo. Mama mtu alikuwa kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya mto.

— Shikamoo mama, tunatafuta pa kuanzia nguzo, Sindano alisema.

— Marahaba. Sogea kulia, baba. Kidogo tena. Hapo! Hapo ndipo nilipoangukia.

Sindano akakita miguu pale pale, akanyoosha mkono juu kadiri ulivyofika.

— Moja! wakapiga kelele nyuma yake, na Gia Tano akaanza kuhesabu hatua kurudi kijiweni.