Mrija kwa Mkono wa Kushoto

Wewe umewahi kuona mtu akiionea picha wivu? Juzi, ndani ya gari la kutoka Angurai, Atyang alimwonyesha jirani yake Ajiko picha ya maonyesho ya utamaduni wetu Wateso: yeye mwenyewe, shanga shingoni, akiigiza kunywa ajon, pombe ya wimbi, kwa mrija mrefu.

“Woi, mama! Mrija na mkono wa kushoto?” Ajiko akashtuka. “Umetuaibisha sisi wote!” Nikachungulia; kweli, ulikuwa wa kushoto, na kwetu mrija hushikwa kwa wa kulia tu. “Mpiga picha alisema inapendeza hivyo,” Atyang akajitetea. “Yeye anajua nini? Na hizo shanga ni zangu.” “Si ulinivisha mwenyewe?”

Ajiko akageukia dirisha mpaka Malaba. Gari liliposimama, akasema polepole, “Nilizileta siku ile nipigwe picha mimi.”