Mgeni wa Meza ya Mbele

Benchi letu lipo kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kutengeneza saa na karakana ya Fundi Kochi. Mguu wake mmoja umeegemea tofali, kwa sababu mtu anayetengeneza viti vya mji mzima hajapata nafasi ya kutengeneza hiki kimoja anachokalia mwenyewe. Pembeni Shangazi anauza kahawa. Haketi, hachangii mada, na kusema kweli ndiye peke yake anayefanya kazi pale. Sisi wengine tunafanya maamuzi. Sheria yetu ni moja: mtu akitoa hoja, na vikombe vikaisha kabla hajapingwa, hoja imepita. Huwezi kuja kesho yake ukaanza kuguna. Ndivyo tulivyopitisha kwamba daktari wa meno si daktari, na kwamba paka anaelewa siasa. La paka mimi sikukubaliana nalo, ila nilikuwa nimeshika skrubu ya saa kwa kibano, na huwezi kubishana huku umeziba pumzi.

Siku hiyo Fundi Kochi alikuja amenyoa ndevu, na ilikuwa katikati ya wiki. Tukajua kuna jambo. Hakimu akamsogezea nafasi. Huyu Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Miaka yake yote mahakamani kazi ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina, lakini alistaafu akaondoka na sauti, na mtu mwenye sauti ile watu humpa cheo bila kuuliza.

— Mwanangu amenialika, akasema Fundi.

— Amepata mchumba? akauliza Dalali, mwenzetu wa kupangisha nyumba.

— Amenialika kazini kwake. Kuonja waini na jibini.

Huyo binti tunamjua sote. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule, na Fundi alimlea humohumo karakanani. Mchana alikuwa analala juu ya mabaki ya sponji kama kifaranga, na sisi tulikuwa tunapokezana kumfukuza asichezee misumari. Sasa ameajiriwa kwenye lile duka kubwa la vinywaji lenye ukumbi ghorofani. Fundi alitueleza kwamba kuna jioni watu wanakuja pale, wanaketi, wanamiminiwa waini kidogo chini ya glasi, wanapewa na kipande cha jibini, na mtu anasimama mbele kuwaambia ipi inaendana na ipi.

— Kwa hiyo anauza waini, akasema Hakimu.

— Hauzi. Anaonjesha.

— Bure?

— Wanalipa.

— Wanalipa ili waonje.

— Wanalipa, wanaonja, halafu wanatema. Kuna ndoo.

Shangazi akageuka kututazama. Si kawaida yake.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Hakimu, na mpaka leo sijui kama alikuwa anaisifu ile ndoo au anaionea huruma.

Basi Fundi akatueleza kilichomnyoa ndevu. Jioni ileile binti angesimama peke yake mbele ya wageni kwa mara ya kwanza. Bosi wake, mama mmoja asiyecheka, angeketi meza ya mbele akimwangalia. Mambo yakienda vizuri, jioni zile zinakuwa zake. Yakienda mrama, anarudi chini kufuta vumbi kwenye chupa. Na binti, mtoto wa watu, alikuwa amemwambia baba yake aje, naye aketi hapohapo meza ya mbele.

— Sasa mimi nitakaa pale nifanye nini, akasema Fundi. Waini sinywi. Jibini siijui. Nikikosea, nimemkosesha kazi.

Hakuna aliyembishia, maana tunamjua. Fundi Kochi ni mtu mwema lakini hawezi kuona kiti akakiacha. Popote anapoenda anabonyeza, anagonga, anainamisha kichwa kuangalia chini kimeshonwaje. Kwenye harusi ya mpwa wake alikipindua kiti cha bibi harusi ili aone spring zake. Bibi harusi alikuwa bado amekikalia.

Hapo Dalali akachukua uongozi. Dalali ameingia kila nyumba ya mji huu kuionyesha kwa wateja, na yeye mwenyewe anapanga chumba kimoja nyuma ya stoo ya saruji. Alisema aliwahi kupita kwenye sebule ambamo watu walikuwa wanafanya jambo hilohilo, akawaona kwa macho yake, hivyo hahadithiwi. Waini, alisema, hainywewi. Inanuswa. Unaizungusha glasi, unaingiza pua, unafumba macho, unasikitika kidogo.

— Kwa nini nisikitike?

— Usiposikitika watajua umekuja kwa ajili ya kulewa.

Akamwambia ajaribu kwa kikombe cha kahawa. Fundi akazungusha, kahawa ikamwagika yote kwenye shati lake jeupe. Shangazi akammiminia nyingine. Dalali akavua koti lake akamvisha juu ya doa. Lilikuwa koti la mtu mwenye mabega zaidi, lakini Dalali alisema vazi kubwa ni dalili ya uwezo.

Jibini aliichukua Hakimu. Alidai jibini hupimwa kwa kunuka, inayonuka zaidi ndiyo ya heshima zaidi, kwa sababu wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hapo si umesema inayonuka ndiyo mbaya? nikamuuliza.

— Nimesema inatembea. Jibini ya kweli lazima ikufuate ulipo.

Nami sikutaka kuonekana sina mchango. Nikasema nijuavyo mimi, jibini inawekwa ili iwe kizibo. Unaimeza kwanza, inakaa kooni, waini ikija inakuta mlango umefungwa, kichwa kinabaki salama. Ni kama grisi kwenye saa, nikawaambia, inazuia vumbi lisifike kwenye moyo. Hakuna saa inayofanya kazi hivyo. Lakini wote walitikisa vichwa kukubali, na nikiri kwamba niliona raha.

Kuanzia hapo hatukukamatika. Dalali akasema lazima miongoni mwa vile vipande wanaweka kimoja cha sabuni, ili kumnasa asiyehusika. Hakimu akasema basi Fundi asile hata kimoja, akisogezewa sahani aitazame kama mtu aliyeshiba jibini tangu utoto. Dalali akasema akiulizwa waini ikoje, asithubutu kusema nzuri, maana nzuri ni jibu la mtu wa bure. Aseme inahitaji muda. Fundi alikuwa anarudia kila kitu kwa midomo, kama mtoto anayekariri nambari. Inahitaji muda. Inahitaji muda. Alikuwa ameanza kutoka jasho ndani ya lile koti.

— Na nikisahau? akauliza.

— Ukisahau ndiyo balaa, akasema Dalali. Tatizo si kukosea. Mtu yeyote anakosea. Tatizo ni wewe kuwa baba yake. Kosa lako linahesabiwa kwake.

— Ndicho ninachokiogopa.

— Basi usiwe baba yake.

Tulimtazama Dalali. Hakutania. Alituambia kwamba yeye akimpeleka mteja kwenye nyumba inayovuja, siku hiyo hamjui mwenye nyumba, hajawahi kumwona, hata kama ni shemeji yake. Fundi naye afanye hivyo. Aingie kama mnunuzi wa mbali, mtu mzito, asiyejulikana na mtu. Akiharibu, ameharibu mgeni. Binti hatakuwa na doa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Hakimu polepole, kwa ile sauti yake ya mlangoni, na ikasikika kama imeandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Fundi aliiangalia mikono yake. Kucha zina gundi ambayo haitoki hata akisugua kwa mafuta ya taa.

— Nisimsalimie?

— Msalimie kwa mbali, akasema Dalali. Kama unavyomsalimia karani.

— Na akiniita baba?

— Mwambie mapema asikuite.

Palepale ndipo mtu angetakiwa kupinga. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini Hakimu alimaliza kikombe chake, Dalali akamaliza chake, na cha Fundi kilikuwa tupu tangu zamani. Hoja ikapita. Fundi akasema, sawa, kama ndivyo itakavyomsaidia. Alisema kwa upole sana, na mimi nikainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

Binti akatokea wakati huohuo. Alikuwa amevaa sketi nyeusi na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, nywele amezibana nyuma, na ingawa alikuwa anatabasamu nilimwona anavyopumua, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukaitika.

Sote isipokuwa baba yake. Fundi Kochi alisimama, akavuta lile koti, akampa mkono.

— Habari za kazi, dada, akasema.

Binti akacheka. Akasubiri baba yake naye acheke. Alipoona hacheki, akatugeukia sisi, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa anafanya utotoni akikosa kitu na anajua tumekificha.

Hakimu akamsomea uamuzi. Alisema kila kitu, pua, kusikitika, sabuni, inahitaji muda, na mwisho ile hoja ya mnunuzi wa mbali, akaongeza kwamba imepita bila kupingwa. Dalali akamtuliza kwamba yote ni kwa faida yake, na kwamba baba yake ndiye aliyejitolea. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakukatisha wala hakukunja uso. Kisha akamsogelea baba yake, akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimekaa kwenye tundu la mwenzake.

— Baba, waini ninayoanza nayo leo ina harufu ya ngozi, akasema. Ukiweka pua unaisikia kabisa. Nikifika hapo nawaambia wageni kwamba mimi kunusa nimefundishwa na baba yangu. Nawaambia alikuwa ananifunga kitambaa machoni, ananipa vipande kimojakimoja, hii ngozi, hii plastiki, hii ngozi iliyolowa ikakauka, na nikipatia zote ananibeba mabegani mpaka nyumbani. Halafu nawaonyesha baba mwenyewe, yuko meza ya mbele. Hayo nimeyafanyia mazoezi wiki nzima.

Akatugeukia.

— Sasa nikifika hapo, wajomba zangu, nimwonyeshe nani?

Hakimu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, methali haikuja. Dalali akasema koti lakini limemkaa vizuri. Shangazi alikuwa ameacha kupepea jiko, naye anangoja jibu letu.

Mimi nilimwangalia Fundi. Sikujua kama ile michezo ya kitambaa aliikumbuka. Nadhani kwake ilikuwa njia tu ya kumtuliza mtoto ili amalize kushona. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini sasa hakuwa anakariri chochote.

— Utasema hivyo mbele ya watu wote? akauliza. Na yule mama yupo?

— Ndiye wa kwanza ninayetaka asikie.

— Nina doa la kahawa huku ndani.

— Nimeliona, Baba. Twende tutachelewa.

Akamshika mkono, ule wenye gundi, wakaanza kushuka na barabara. Fundi alikuwa anatembea wima ndani ya koti la watu, na kabla hawajafika mbali tulimsikia anamuuliza kama viti vya ukumbini ni vya sponji au vya spring. Binti akamwambia akifika atajionea mwenyewe, ila asubiri kwanza bosi wake ainuke.