Ufuo Safi, Ndoo Tupu

Mama mkwe alinikuta nimelala kifudifudi ufuoni, mkono umezama mchangani hadi begani, makalio yakitazama barabara. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu wa benchi la kahawa jinsi kaa anavyotolewa shimoni, ufundi niliojifunza katika fukwe za mbali ambazo huwa nazitaja hata nisipoulizwa. “Mwanangu, hilo ni shimo la mwavuli wa wageni,” akasema, akapita zake. Nikarudi benchini na mchanga masikioni. Kaa hakuna, wiki ya pili sasa. Shemeji yangu, anayewauzia wavuvi kaa wa chambo, alikuwa amekaa na ndoo yake tupu, akifikiria kuacha kazi hiyo akafue nguo za watu.

— Ni jua, akasema Kinyozi. Mchanga wa juu umekauka. Kaa anataka unyevu, lazima achimbe mpaka aukute. Amechoka kuchimba.

— Kama mimi, akasema shemeji.

— Siyo jua, nikasema. Ule mchanga waliomwaga watu wa hoteli kwa malori una chembe kubwa. Akichimba unamporomokea. Kule nilikokaa mimi…

— Kule ulikokaa ulisomea miavuli, Kinyozi akanikata. Basi ni taa za hoteli! Kaa ana haya. Ukimmulika, anahama usiku uleule na mke na vyombo.

— Vyombo anabebaje? nikauliza.

— Mgongoni.

— Huyo konokono, bwana!

Tukacheka, kicheko cha watu waliochoka. Fagio hakucheka. Yeye ndiye dereva wa trekta la hoteli la kusafisha ufuo. Alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Jamani, shemeji akauliza taratibu, huyo kaa hapa alikuwa anakula nini?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Mimi niliyezunguka pwani zote nikatazama vidole vya miguu yangu.

— Vinavyoletwa na maji, Fagio akasema hatimaye. Visamaki vilivyokufa. Vijidudu vya kwenye mwani.

— Na huo mwani uko wapi siku hizi?

— Nauzoa mimi, kila alfajiri. Wageni hawapendi harufu yake.

— Na mashimo ya kaa?

— Trekta linapita juu, dada.

Shemeji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliihamisha tu ndoo kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

— Kaka, huwezi kuniachia hata kipande? Pale mwisho, penye mawe, ambapo hakai mtu?

— Nilipaacha juzi. Meneja akaja na simu yake, akapiga picha.

— Ukamwambiaje?

— Nilimwambia nimesahau.

— Basi sahau tena, kaka yangu. Mara moja tu.

Fagio akamimina kahawa yake chini, akasimama.

— Siwezi. Na mimi nina watoto.