Mama Godelive Kahongya na Gunia Lisilotoka Ghalani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Godelive Kahongya, mshauri wa sheria wa ushirika wetu wa akiba na mikopo, Coopec Shirikiana, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ofisi yake ya Butembo, inayotazama barabara ya Rughenda, itafungwa kwa juma moja ili ipakwe rangi. Jambo hilo alilikataa kwa miaka mingi, akisema kwamba harufu ya rangi huwafanya watu watie sahihi haraka ili watoke nje.

Aliajiriwa mwaka 1994, wakati ambapo noti za asubuhi hazikununua jioni kile zilichonunua asubuhi. Alianza kwa kusoma mikataba ya mikopo ya wakulima wa Lubero. Baadaye alipelekwa Beni kufungua tawi la Mulekera. Huko ndiko alikoandika kanuni ambayo ushirika unaitumia hadi leo: mwanachama aliyekimbia kijiji chake bila kitambulisho atambuliwe kwa ushahidi wa majirani wawili. Wengi wetu tunaosoma maneno haya tuna ndugu aliyepata akiba yake kwa kanuni hiyo.

Wafanyakazi wanamkumbuka zaidi kwa swali moja, ambalo aliliuliza juu ya kila mkataba: “Nani anatumika, na nani anangojea?” Alitaka kujua nani anafanya kazi na nani anasubiri faida ya kazi hiyo. Aliliuliza hata katika kamati ya arusi ya mwenzetu mmoja, na inasemekana kwamba wanaume wote wa kamati waliondoka mara moja kwenda kubeba viti.

Swali hilo lilifikia uzito wake kamili mwaka 2022, ilipoletwa habari ya jetoni.

Jetoni ni alama ya kielektroniki inayokaa katika simu na kuuzwa kama sarafu za kripto. Sadrack, mtoto wa dada mkubwa wa Mama Godelive, alikuwa amefungua kampuni ya kununua kakao Mutwanga, na kila jetoni aliyoiuza iliwakilisha gunia moja la kakao ghalani. Mwenyekiti wetu, Bwana Edmond Kambere, mfanyabiashara wa vitambaa, alinunua zake binafsi. Kisha akapendekeza kwamba akiba ya wanachama iwekwe humo. Baraza lilikuwa tayari kukubali. Kilichobaki kilikuwa maoni ya mshauri wa sheria.

Ni lazima ieleweke kwa nini watu wazima, wazoefu wa biashara, walivutwa hivyo. Wafanyabiashara wa Butembo huagiza kontena kwa pamoja, na kila mmoja huchora alama yake kwa rangi juu ya balo zake, yaani marobota yake ya bidhaa. Mzigo ukifika, hakuna anayebishana: alama ni mali. Sadrack aliijua desturi hiyo tangu utoto, na mbele ya baraza alisema maneno machache tu: “Bapapa, hii hapana kitu ya mupya. Ni alama ya ku balo. Tofauti, iko mu telefone.” Wazee walicheka, wakaridhika.

Palikuwa na hoja nyingine pia. Nchi yetu haina soko la hisa. Basi, walisema, sheria ya hisa itaigusaje jetoni? Mama Godelive alijibu kwa utulivu kwamba wasimamizi wa serikali katika nchi nyingi hawashughulishwi na jina la kitu. Huuliza kama watu wametoa fedha, wakaziweka katika shughuli moja, wakangojea faida itokane na jasho la wengine. Ikiwa ni hivyo, kitu hicho ni hati ya uwekezaji, hata kikiitwa sarafu, pointi au gunia, na muuzaji anapaswa kujieleza kwa wasimamizi kabla ya kuuza. Hapa kwetu, hata pasipo soko la hisa, anayekusanya akiba za umma anahitaji idhini. Lakini kama jetoni ni gunia kweli, hayo yote hayahusiki: mtu amenunua kakao, na kakao ni yake.

Hivyo hakuandika maoni yoyote. Aliomba pikapu.

Barabara ilikuwa tulivu juma lile. Walikwenda Mutwanga watatu: yeye, Bwana Kambere na Sadrack. Ghala lilikuwepo, na kakao ilikuwemo, kavu na yenye harufu nzuri. Hakuna aliyedanganywa kuhusu hilo. Mama Godelive alimwomba Bwana Kambere achukue gunia lake. Mwenyekiti alimwonyesha Kitsa, mlinzi wa ghala, simu yake. Kitsa aliitazama kwa heshima, akamrudishia.

“Papa, hapa mufuko haitokake,” alisema. “Batu banangojaka faida yabo tu.”

Bwana Kambere alizunguka ghala zima akitafuta alama yake. Magunia yote yalifanana. Alitoka akajipangusa vumbi, akamwambia Sadrack: “Mutoto, mimi niko na balo kumbe hakuna balo.”

Katika safari ya kurudi, Sadrack alikuwa na sentensi moja: “Mama mudogo, uko naniharibia kazi.” Naye alimjibu: “Kazi yako ni muzuri. Lakini omba ruhusa kwanza, batu bajue ni nini bananunua kwako.”

Maoni aliyoandika yalijaza nusu ya ukurasa: jetoni ile si gunia, ni hati ya uwekezaji isiyo na idhini. Baraza lilikataa pendekezo, na mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Sadrack alipoandika kuomba idhini, alijibiwa kwamba asimamishe mauzo kwanza. Aliwarudishia wanunuzi fedha zao, na ili aweze kufanya hivyo aliuza gari lake. Akiba ya wanachama ilibaki mahali pake. Mama Godelive ndiye aliyelipa gharama ya namna nyingine: kwa karibu miaka mitatu kijana huyo, aliyelelewa nyumbani kwake Mulekera, hakupita mlangoni pake. Alipoulizwa ofisini mara moja kama angeandika vinginevyo, alisema hapana, akaendelea kusoma.

Sadrack hakuacha kakao. Siku hizi hununua na kuuza kama wengine, kwa mizani na kwa magunia.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yake Mulekera ikiwa na gunia moja la kakao. Juu yake palichorwa kwa rangi ya buluu herufi mbili: G.K. Aliyekuwa nyuma ya dereva, akilishikilia lisianguke, ni Sadrack mwenyewe. Tuliokuwepo tulimwona Mama Godelive akilizunguka gunia, akiigusa rangi kuona kama imekauka. Kisha akaliinua upande mmoja kwa mikono miwili.

“Hii inatoka,” alisema, akamfungulia mlango.

Mama Godelive, ushirika unakushukuru kwa kazi iliyo safi. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye wageni, na mavuno ambayo, siku yoyote utakayoyahitaji, yatatoka ghalani.