Tryphena Wakesho na Unabii wa Nzige

Tryphena Wakesho, mke wangu, alizaliwa Werugha tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwakio. Alisoma huko huko Werugha hadi darasa la saba. Mimi sikusoma. Tulipooana, Desemba 1974, nikamleta Rukanga, alianza kunisomea Biblia kila jioni. Hakuacha.

Kazi yake ilikuwa mboga. Miaka thelathini aliuza kabichi na karoti za kwao kule soko la Voi. Alhamisi alifundisha akina mama Neno. Unabii ndio aliupenda zaidi.

Januari 2021 nzige walipotua kwetu, watu walimkimbilia. Jirani yetu Mbula alimwuliza, "Mama Titus, hawa si ndio wale wa nabii Yoeli? Mwisho umefika?"

"Mwisho wa sukuma wiki yako shambani, ndio," akamjibu. "Wale wa Yoeli wako ndani ya mtu. Muulize Baba Titus wamemlia miaka mingapi."

Mbula alicheka. Mimi sikucheka. Tangu 2012 nilikuwa siongei na ndugu yangu Mwandawiro, kwa sababu mbuzi zake zilimaliza pojo zangu shambani. Kati ya boma zetu ni ua wa miiba tu.

Tryphena hakunigombeza. Alikuwa anasoma pale nabii anaposema Mungu atairudisha miaka iliyoliwa na nzige, anafunga kitabu, ananiangalia. "Unabii utimie ndani yako kwanza," alisema. "Ukingoja uanzie kwa jirani, utazeeka."

Nikazeeka.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu Voi mara mbili kwa wiki. Agosti mwaka huu wa 2025 alilazwa. Alhamisi tarehe 7 akaniambia, "Sikusomei tena. Nenda."

Nilienda. Mwandawiro alikuwa anafunga mbuzi.

"Umekuja kuzihesabu?"

"Nimekuja kukuchukua, ndugu yangu. Shemeji yako anaondoka."

Aliacha kamba pale pale.

Ijumaa tulikaa pamoja kando ya kitanda. Alifungua macho mara moja. Kama alituona wawili, sijui. Jumamosi tarehe 9, saa moja asubuhi, alitutoka.

Ameniacha mimi mumewe, Nicholas. Watoto wetu Titus na Rachel. Mjukuu wetu Shanice, aliyeniandikia haya. Na shemeji yake Mwandawiro, ambaye ndiye anawasomea karatasi hii, kwa sababu mimi siwezi.

Pumzika kwa amani, Mama Titus. Miaka imeanza kurudi.